Picha inataka mwanga, shimo jeusi halina. Hii wameipigaje?

Mzee wa Negativu, Tanga
Jumanne, saa 3:20 usiku

Wakuu, salaam aleikum. Niruhusuni nianze na kisa, swali litafuata.

Mie ni mpiga picha, studio yangu ipo Ngamiani. Nimeanza enzi za filamu, chumba cha giza na taa nyekundu, mikono inanuka dawa hata ukila wali. Siku hizi kazi kubwa ni pasipoti saizi, harusi, na kuchapa vitu vya wanafunzi.

Wiki iliyopita kaja kijana wa sekondari na flashi yake, ataka picha moja ichapwe A3, ya kubandika kwenye maonyesho ya sayansi shuleni kwao. Nafungua, nakuta pete ya rangi ya chungwa, katikati giza, upande wa chini umewaka kuliko wa juu. Na ukungu mtupu. Hakuna hata ukingo mmoja uliokaa sawa. Nikajisemea, huyu mtoto kapakua picha mbovu, aliyepiga alitikisika. Nikamhurumia. Nikaiongezea ukali, nikavuta weusi ukolee, nikachapa.

Jioni karudi kuichukua. Akaitazama weee, kisha akauliza, "Mzee, hii mistari imetoka wapi?" Naangalia, kweli, kwenye pete pametokea mistari kama nyufa za sahani ya udongo. Haikuwamo. Nikamwambia mwanangu, nimekusaidia, ilikuwa nje ya fokasi. Akacheka. Kwa adabu, lakini alicheka. Akasema hiyo ni picha ya shimo jeusi, ilitolewa mwaka 2019, na ule ukungu ndio ilivyo. Ni vyombo vichache mno vilivyowahi kuona kitu kidogo kama kile angani.

Usingizi ukaniruka. Miaka yote hii nafundisha vijana wa studio kwamba picha ni mwanga, basi. Hakuna mwanga, hakuna picha. Sasa shimo jeusi, alivyonieleza yule kijana, ni kitu kizito mno hata mwanga ukishaingia hautoki. Kama hautoki, kamera imepokea nini? Na kama chombo ni kikali hivyo, ukungu wa nini? Naomba anijibu anayejua. Wa "katafute mtandaoni" apumzike.


Kijana wa Pongwe
saa 3:31 usiku

Mzee ingia Mapango ya Amboni, zima tochi, bonyeza. Ushapata shimo jeusi lako. Halafu A3 unachapa bei gani?


Fundi Madishi
saa 4:05 usiku

Shikamoo mzee. Huyo wa Pongwe anatania, lakini Amboni si mfano mbaya. Umeshasimama ndani ya pango ukatazama mlangoni, mtu akapita pale kwenye mwanga? Sura yake humwoni. Unaona umbo lake jeusi, na mwanga umemzunguka. Ndiyo hiyo. Shimo lenyewe halitoi kitu, ila linazungukwa na gesi ya moto mkali mno inayozunguka kwa kasi kabla ya kumezwa, na gesi hiyo inang'aa. Kilichopokelewa ni mng'ao wa gesi. Lile giza la katikati ni kivuli.

Tofauti na pango ni kwamba kule mwanga wenyewe unapindwa. Hata mwanga wa gesi iliyo nyuma ya shimo unakunjwa unakuja mbele, ndiyo maana unaona pete kamili badala ya nusu. Na kivuli kinatoka kikubwa kuliko shimo, kama mara mbili na nusu ya upana wa ule mpaka ambao ukishauvuka hurudi.

Sasa upande wangu, maana kazi yangu ni madishi hapa Chumbageni, kutu ya chumvi ya bahari ndiyo inanilisha. Kilichopiga picha ile si kamera ya lenzi, ni madishi. Mwanga walioutumia wanasayansi waliopiga ni mawimbi ya redio yenye urefu wa milimita 1.3. Unayajua yale madishi ya wavu ya futi sita tuliyokuwa tukifunga zamani? Yanafanya kazi kwa sababu wimbi la setilaiti zile ni refu, sentimita saba hivi, matundu ya wavu haliyaoni kabisa. Wimbi la milimita moja lingepita kwenye wavu ule kama dagaa kwenye nyavu ya papa. Kwa hiyo madishi yao hayana wavu, na uso wake umelainishwa mno.

Sasa nikuulize wewe fundi wa lenzi. Ukilifunga tundu la lenzi mpaka mwisho, f/22 huko, picha inakuwaje?


Mzee wa Negativu
saa 4:18 usiku

Marahaba mwanangu. Inalegea. Watu wanadhani tundu dogo ndiyo ukali, lakini ukizidisha, mwanga unatapakaa kingo zote zinakuwa teketeke. Nilikuwa nakatazwa na aliyenifundisha kazi kupita f/11 bila sababu.


Fundi Madishi
saa 4:40 usiku

Hapo hapo. Dishi nalo ni tundu. Likiwa dogo kulinganisha na wimbi, picha inalegea. Na wimbi lao ni refu zaidi ya mara elfu mbili kuliko mwanga wa macho, kwa hiyo tundu nalo linatakiwa kubwa kupita kiasi.

Walichokuwa wanatafuta kipo kwenye galaksi, yaani mji mkubwa wa nyota, inayoitwa M87, miaka ya nuru milioni 55 kutoka hapa, maana yake mwanga wenyewe unasafiri miaka milioni 55 kufika. Shimo lenyewe lina uzito wa Jua mara bilioni 6.5, lakini kwa umbali ule pete yake inaonekana ndogo kama chungwa lililowekwa mwezini. Chungwa moja la Muheza, wala si lile kubwa. Piga hesabu ya dishi la kuona chungwa hilo kwa wimbi la milimita 1.3, unapata upana wa kilomita elfu kumi na mbili na ushee. Huo ndio upana wa dunia.

Sasa nguzo ya dishi hilo nitaichimbia wapi mie.

Basi wakachukua madishi yaliyokwishajengwa, wakayafanya vipande vya dishi moja. Aprili 2017 yalikuwa manane katika sehemu sita: mawili Chile, mawili Hawaii, moja Arizona, moja Mexico, moja Uhispania, moja kwenye Ncha ya Kusini. Yote sehemu za juu na kavu, kwa sababu mvuke wa maji unameza mawimbi hayo. Ya Chile yapo mita 5,000 hivi, na Kilimanjaro nzima ni 5,895. Huku kwetu shati linalowa ukiwa umekaa, tusahau. Afrika hakuna hata moja, ila kuna mpango wa kujenga Namibia.

Vipande hivyo vinaungwaje ndipo mie ninapoishia. Mwalimu yupo?


Mwalimu wa Pangani
Jumatano, saa 1:10 usiku

Nipo, nilikuwa nasahihisha madaftari. Mzee, shikamoo.

Kwanza tulitoe wazo moja kichwani. Hakuna dishi hata moja lililopata picha. Si kwamba kila moja lilipiga kipande kisha wakabandika pamoja. Kila dishi lilirekodi mawimbi yanavyopanda na kushuka, kama mtu anayerekodi sauti ya bahari, basi. Na pembeni ya kila dishi kulikuwa na saa ya atomu ya haidrojeni, ili kila wimbi liandikwe limefika saa ngapi, mpaka vipande vya sekunde visivyoelezeka kwa mdomo.

Kwa nini saa? Kwa sababu wimbi moja halifiki Chile na Hawaii kwa pamoja. Umeshasikia redio mbili zimefunguliwa stesheni moja, ya jirani kwenye redio na ya kwako kwenye simu? Ya simu inachelewa. Ukijua imechelewa kiasi gani, unaweza kuzirudisha zikasema neno moja kwa wakati mmoja. Wao wanazirudisha hivyo, jozi kwa jozi, na kila jozi ya madishi ikilingana inatoa habari moja kuhusu picha.

Habari gani? Chukua kanga. Jozi ya madishi yaliyo karibu, kama yale mawili ya Hawaii, inaona mambo makubwa: hapa kuna pindo, pale mji. Jozi iliyo mbali, tuseme Hawaii na Uhispania, inaona nukta ndogo ndogo za maua. Hakuna jozi inayoiona kanga nzima. Lakini dunia inazunguka, na inavyozunguka umbali na mwelekeo wa kila jozi, ukitazama kutoka M87, unabadilika saa hadi saa. Kwa hiyo jozi moja usiku mmoja inakusanya habari nyingi. Wakafanya hivyo siku nne za kutazama M87, tarehe 5, 6, 10 na 11 Aprili, hali ya hewa ikiwa nzuri kote.

Lile dishi la Ncha ya Kusini halikuiona M87 kabisa, ipo anga ya kaskazini; lenyewe lilirekodi vingine walivyovitazama siku zile. Wazee wa nyota hapa pwani wangesema M87 ipo kwenye kundi la nyota la Sumbula.

Data ilifika kama petabaiti 5, yaani terabaiti elfu tano. Hakuna bando la kutuma hiyo. Walipakia hadi diski kwenye masanduku, nusu tani, wakasafirisha kwa ndege, nusu kwenda kituo cha Haystack kule Massachusetts, Marekani, na nusu Bonn, Ujerumani. Za Ncha ya Kusini zilikwama miezi, kwa sababu majira ya baridi kule ndege hazitui. Zilifika Desemba 2017.


Mzee wa Negativu
saa 1:52 usiku

Mwalimu, marahaba. Hapo kwenye hadi diski nimecheka peke yangu dukani mpaka mteja kaniangalia. Mie video za harusi natuma kwa mhariri Dar kwa basi la asubuhi, namfungia kondakta diski ndani ya kitambaa. Kila mtu ananiambia mzee tumia mtandao. Harusi moja ya siku tatu, uitume kwa mtandao? Bwana harusi atakuwa na mtoto wa pili. Kumbe hata wale wakubwa wanatuma kwa basi.

Lakini bado. Umesema jozi kadhaa, habari kadhaa, na picha haijatimia. Kanga ina matundu. Waliyajaza na nini?


Mkweli Mtupu
saa 2:03 usiku

Waliyajaza na kompyuta, mzee, usizungushwe. Ni mchoro. Mnasema mawimbi ya redio, redio ina rangi ya chungwa? Wamepaka rangi kisha mnaita picha. Fotoshop ya wasomi.


Mwalimu wa Pangani
saa 2:25 usiku

Rangi wamepaka, kweli. Mawimbi hayana rangi. Palipo na nguvu zaidi wakapafanya njano, pasipo na nguvu wakapafanya nyekundu mpaka nyeusi. Wangeweza kuchagua kijani. Ultrasaundi ya mjamzito nayo inatengenezwa kutokana na sauti, haina mwanga hata chembe, na hakuna anayemwambia daktari mtoto ni mchoro.

Chini kumewaka zaidi kwa sababu upande ule gesi inakuja kwetu, kwa kasi iliyokaribia ya mwanga. Hicho hakikupakwa.

Kuhusu kujaza matundu, swali la mzee ni zito kuliko la kwako. Data ile inaweza kutoshana na picha nyingi sana, kwa hiyo kompyuta inabidi ichague ile isiyo na makuu: isiyoongeza kitu ambacho data haikukilazimisha. Na woga wao ulikuwa ni ule ule wa kila mtu: kwamba wanatarajia pete, kwa hiyo watapata pete. Basi wakagawanyika timu nne. Kila timu ilifanya kazi peke yake majuma kadhaa, marufuku kuonyeshana wala kuulizana. Julai 2018 wakakutana Massachusetts, kila timu ikatoa yake. Zote nne zilikuwa na pete, na zote zilikuwa na mng'ao upande wa kusini.

Hawakuishia hapo. Walitengeneza data ya uongo makusudi: ya pete, ya sahani iliyojaa bila tundu, ya mabaka mawili yaliyotengana. Programu iliyopewa sahani ikirudisha pete, imeshindwa mtihani.


Mzee wa Negativu
saa 3:15 usiku

Ndugu Mkweli, ngoja nikupe kisa changu maana hili la kujaza matundu mie limenikuta.

Miaka ya nyuma alikuja mama mmoja wa Makorora na picha ya marehemu baba yake. Ndogo, nyeusi na nyeupe, imepigwa akiwa kijana. Mchwa wameila. Nusu ya uso, upande wa kulia, haipo, kuna kijivu tu na njia za mchwa. Ataka aitengeneze, aikuze, aiweke sebuleni kabla ya arobaini ya mama yake. Nikamwambia hakuna shida. Nilichofanya ni kile kila mtu anafanya: nikachukua upande wa kushoto uliopona, nikaugeuza, nikaubandika kulia. Nikalainisha kingo. Kofia ikakaa sawa, kanzu ikakaa sawa. Nikajipongeza.

Mama kaja, kaishika kwa mikono miwili. Akanyamaza. Nikadhani analia kwa furaha. Kisha akasema polepole, "Baba jicho hili lilikuwa halioni. Lilikuwa jeupe tangu mtoto."

Nilikuwa nimempa macho mawili mazima. Nilimtengenezea baba wa mtu mwingine. Na ubaya wake, picha ilikuwa nzuri! Ungepita hapo dukani usingejua. Uso una macho mawili, mie nikatarajia mawili, nikayapata.

Sasa nikisoma alichoandika Mwalimu, naona wale watu walilijua kosa langu kabla hawajalifanya. Ningewapa kazi ya picha ile mafundi wanne, kila mmoja chumbani kwake, asiambiwe chochote, tuone wanarudisha jicho gani. Au ningechukua picha nzima ya mtu chongo, niikate mwenyewe kwa mkasi kama mchwa, niitengeneze, nilinganishe na ile nzima. Sikuwahi kuwaza hilo miaka yote. Kwa hiyo weye ndugu yangu Mkweli ukisema wamechora, mie nakwambia wamechora kwa woga kuliko mie nilivyochora. Na ule ukungu ndio ushahidi. Mtu anayedanganya huchora kingo kali. Nilizichora mie, kwenye A3 ya yule kijana, na nyufa juu.


Mkweli Mtupu
saa 3:40 usiku

Mzee kisa cha jicho kimenigusa, sitaki ubishi na wewe. Lakini nitaamini nikiona la pili.


Fundi Madishi
saa 4:12 usiku

La pili lipo, kaka. Lilitolewa tarehe 12 Mei 2022, na hilo ni la hapa hapa kwetu, katikati ya galaksi yetu. Linaitwa Sagittarius A*. Miaka ya nuru 27,000 hivi, uzito wa Jua mara milioni nne. Kundi la nyota la upande huo wazee wanaliita Kausi. Wakati wa kipupwe, usiku ukiwa hauna mawingu, nenda Raskazone kwenye giza, tazama kusini pale Njia Nyeupe ilipokuwa nene. Upande huo. Shimo hutaliona, lakini utakuwa umeelekeza uso panapostahili.

Na data yake ilichukuliwa Aprili ile ile ya 2017. Unajua kwa nini ilichelewa miaka mitatu nyuma ya lile la M87? Kwa sababu halitulii. Lile la M87 ni kubwa mno, gesi inachukua siku, hata majuma, kulizunguka mara moja. Ukirekodi usiku mzima ni kama haijasogea. Hili la kwetu ni dogo, gesi inalizunguka kwa dakika. Unarekodi masaa, na kila dakika chache sura imebadilika.


Mzee wa Negativu
saa 4:30 usiku

Mtoto wa miaka miwili wa pasipoti! Umeniambia jambo ninalolijua mpaka kwenye magoti. Mama kamkalisha kwenye kiti, shuka jeupe nyuma, unahesabu moja, mbili, ameshageuka. Unapiga thelathini upate moja. Zamani kwa filamu ulikuwa unalia.

Wao walifanyaje, walipiga nyingi wakachagua?


Mwalimu wa Pangani
saa 4:51 usiku

Hawakuchagua moja. Walitengeneza picha maelfu, zote zinakubaliana na data, wakazipanga kwa makundi kulingana na sura, kisha wakatoa wastani. Nyingi mno zilikuwa pete. Ni kama ungechukua hizo thelathini za mtoto, ukaziweka juu ya nyingine, ukabaki na kile kisichobadilika.

Na pete yake, ukilinganisha na uzito wa shimo, ilitoka na ukubwa ule ambao hesabu za Einstein zilikuwa zimeshautaja. Ile ya M87 vivyo hivyo, na moja ni nzito zaidi ya nyingine mara elfu moja na mia sita hivi.


Mzee wa Negativu
Ijumaa, saa 2:45 usiku

Narudi kufunga hesabu maana kuna waliouliza faragha.

Nimeichapa upya. Sikugusa ukali, sikugusa weusi, sikugusa chochote. Ilipotoka kwenye mashine mkono uliniwasha, nakiri, ile hamu ya kuinyoosha kidogo tu pale ukingoni. Nikauweka mfukoni. Kijana kaja baada ya Magharibi, kaikagua kwa karibu, pua imegusa karatasi, kisha akaikunja kama bomba akaifunga na raba. Akataka kulipa. Nikamwambia hela ya mwanzo inatosha, ile ya nyufa ilikuwa kosa langu. Akaniuliza kwa nini nimebadilisha mawazo, nikamweleza habari ya kanga, na redio mbili, na chungwa la Muheza. Kanisikiliza mpaka mwisho kisha kasema, "Mzee, njoo uieleze wewe Jumamosi, mimi mbele ya watu natetemeka." Nimemwambia nitakuja na kamera, aeleze mwenyewe, mie nimpige picha.

Ile ya nyufa nimeibandika ndani, kwenye chumba changu cha giza cha zamani ambacho siku hizi naweka fremu.

Na weye wa Pongwe, A3 ni elfu tano. Ya shimo jeusi elfu sita, wino mweusi unakwisha sana.